Tunaunga mkono hoja kwenye simu, lakini hatuchangi

Mtoa mada:
Ndugu wanajukwaa, mimi ni katibu wa chama cha watu 38 waliotoka kijiji kimoja, ambao sasa wametawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Muscat. Mwezi uliopita tulijadili katika kundi letu la WhatsApp iwapo fedha zetu zichimbe kisima au ziezeke darasa. Mwenyekiti aliandika "kisima", na kabla robo saa haijapita wajumbe 22 walikuwa wamekwisha kuandika "naunga mkono hoja". Siku ya kuchanga ilipofika, waliotoa ni 9. Je, ipo namna ya kutumia kompyuta na simu hizi ili uamuzi uwe wa wanachama kweli?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu Katibu, kasoro imo katika zamu ya kusema: aliyetangulia ndiye mwenye cheo, na waliofuata walikuwa wakimjibu yeye badala ya kulijibu swali. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, miaka ya 1980, Profesa Jay Nunamaker na wenzake waliwaketisha watu katika chumba chenye kompyuta zilizounganishwa, kila mmoja akaandika mawazo yake wakati uleule na wenzake, bila jina kuonekana, na baadaye ndipo mawazo hayo yalipopangwa na kupigiwa kura. Hakuna aliyesubiri mwingine amalize, na wazo lilipimwa kabla mwenyewe hajajulikana. Ninyi hamhitaji chumba. Fomu ya mtandaoni yatosha, mradi majibu yasionwe na yeyote, mwenyekiti akiwemo, hadi siku ya kufunga.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ningeanza na swali lenyewe. Mwaka 2015 huko Taiwan, mjadala wa vTaiwan, jukwaa la mtandaoni la wananchi na serikali kujadili sheria, kuhusu teksi za Uber uliendeshwa kwa programu iitwayo Polis, ambamo mtu huandika kauli fupi na wengine hubonyeza kwamba wanakubali, hawakubali au wanapita. Kitufe cha kujibu hakuna, kwa hiyo wagomvi hukosa pa kushikana mashati. Programu huwaweka pamoja waliopiga kura kwa namna inayofanana, kisha huonyesha kauli zilizokubaliwa na kambi zote. Ukiuliza "kisima au darasa" utapata kambi mbili tu. Waache wanachama waandike kauli zao, mathalani "nitachanga nikionyeshwa risiti", uone zipi zinavuka kambi.

Mchangiaji wa tatu:
Nakubaliana nanyi, ila jina lifichwe kwenye maoni, lisifichwe kwenye ahadi ya fedha, maana ahadi isiyo na mwenyewe haidaiki. Pia, kama mnao wazee wenye simu za kitochi, mteueni kijana awapigie, awasomee kauli zilezile bila kuwashawishi, na ajaze kile walichosema. La sivyo mtakuwa mmehesabu wenye bando tu.

Mtoa mada:
Nashukuru. Baada ya kusoma neno hilo la risiti niliwapigia wajumbe wanne ambao hawakuchanga. Watatu wamenieleza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba hawajawahi kuona hesabu za mchango wa mwaka jana, na kwamba waliona haya kuuliza mbele ya mwenyekiti. Fomu inafunguliwa Ijumaa, na kisima hakimo katika kauli za mwanzo.