Mrejesho: toleo lenye lile rekebisho nimelipata

Wakuu, niliuliza nitajuaje rekebisho fulani la msimbo wa programu (code) limeingia toleo lipi. Mkanielekeza amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo): git tag --contains ikifuatiwa na namba ya komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa; huorodhesha tagi (alama za matoleo) zenye komiti hiyo. Mara ya kwanza kimya kabisa. Kumbe tagi sikuwa nimezivuta kwenye mashine yangu. Nikapiga git fetch --tags, orodha ikaja: v2.4.0 kwenda juu. Sasa sisi tunatumia v2.3.7! Nikaanza kulaumu watu. Baadaye nikatafuta kwa maneno ya ujumbe wa komiti, git log v2.3.7 --grep, nikalikuta humo humo. Lilihamishwa kwa cherry-pick, yaani kunakili komiti moja kwenda tawi lingine, na likihamishwa hivyo hupata namba mpya, ndiyo maana --contains haikuliona. Niliowalaumu nimeshawaomba radhi. Hitilafu yetu, ile niliyodhani inatokana na kukosa rekebisho hilo, basi inatoka kwingine, bado naichimba.