Nimwongoze mwanafunzi hadi wapi katika utafiti wake wa sayansi?

Mwalimu wa Kemia, Arusha

Ndugu walimu, salamu. Wanafunzi wangu watatu wa kidato cha tatu wameamua kuchunguza floraidi, madini ambayo yakizidi hutia madoa kwenye meno, katika maji ya visima na chemchemi za upande wa Mlima Meru, wakikusudia kuipeleka kazi yao kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi ya Young Scientists Tanzania. Sababu yao ni nzito: mmoja wao ana mdogo wake ambaye meno yake ya kudumu yameota yakiwa na madoa ya kahawia, na anataka kujua kama kuchemsha maji kunaondoa madini hayo. Jibu ninalo. Floraidi haitoki kwa kuchemsha, na maji yanapopungua kwa mvuke, kiwango chake katika kila lita inayobaki huongezeka. Nikiwaambia, nimeuua utafiti kabla haujazaliwa. Nisipowaambia, nahofia watapoteza muhula mzima, na isitoshe shuleni hatuna kifaa cha kupima floraidi. Ninyi mnaosimamia kazi za namna hii, mpaka mnauweka wapi?

Mwalimu mstaafu wa Biolojia, Moshi

Mwalimu, mimi ninatenganisha mambo mawili. Linalogusa afya au usalama wa mtu huambiwa mwanafunzi papo hapo. Kwa hiyo familia ya huyo mtoto ielezwe leo kwamba kuchemsha hakuwasaidii kwa floraidi, ingawa waendelee kuchemsha kwa ajili ya vijidudu. Ila kujua kwamba kiwango huongezeka si sawa na kuonyesha kinaongezeka kwa kiasi gani, katika sufuria ya aina gani, baada ya muda gani. Hapo pana utafiti wa kutosha, na nadharia tete, yaani jibu wanalolitarajia, waiandike wenyewe kabla ya kuwasha jiko.

Ninakumbuka kundi moja lililopanda maharage kwenye makopo, mengine yakiwa na samadi na mengine bila samadi. Makopo ya samadi yalikuwa yote upande wa dirisha. Niliona kosa hilo siku ya kwanza, nikauliza tu, "Mnaona nini kwenye mashina?" Wakayatazama kwa muda mrefu, mpaka binti mmoja akasema yanalalia kwenye mwanga, na kwamba hawawezi kujua kilichoyakuza ni samadi au ni dirisha. Walianza upya, wakayachanganya makopo na kuyazungusha kila asubuhi. Ningewaambia mimi, wangetii. Kwa kuwa waligundua wao, waliweza kulieleza jambo hilo kwa yeyote aliyewauliza.

Mwalimu wa Fizikia, Arusha

Ninakubaliana na mzee wangu, lakini tusisahau kwamba vijana hawa wana masomo mengine na mtihani wa taifa uko mbele yao. Swali la "maji ya Mlima Meru" ni kubwa mno. Wasaidie kulipunguza hadi chanzo kimoja cha maji na kitu kimoja kinachobadilishwa, vingine vyote vikibaki vilevile. Kila mmoja awe na daftari lenye tarehe, linaloandikwa kwa kalamu, na kipimo kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja kisomeke, kisifutwe. Mimi huwa nalisoma daftari hilo kabla ya kutoa ushauri wowote.

Fundi sanifu wa maabara ya maji, Arusha

Shikamooni walimu. Ukosefu wa kifaa usiwavunje moyo, kwani sampuli zinaweza kupelekwa kwenye maabara yenye elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha kuipimia, mradi muandike barua na kuuliza gharama mapema, maana gharama ndiyo itakayoamua idadi ya sampuli. Chupa ziwe za plastiki, si za kioo, kwa sababu floraidi inaweza kushikamana na kioo. Zisuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yanayochotwa, kisha ziandikwe mahali, tarehe na saa. Waongeze chupa moja ya maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji yasiyo na madini, na mbili za maji ya ndoo moja zenye namba tofauti, bila kumwambia mpimaji. Majibu ya hizo mbili yakipishana sana, watajua ni kiasi gani wayaamini yale mengine.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi zetu huku zinazidi miligramu 10. Wakitaka kwenda mbele zaidi, mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, hupunguza floraidi. Ila kuchoma mifupa wasijaribu wenyewe, na maji ya jaribio asinywe mtu.

Mwalimu wa Kemia, Arusha

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Mzazi wa mtoto nimeshazungumza naye. Nimewaeleza vijana kuhusu gharama, nikawaachia waamue. Wamefuta vyanzo vyote isipokuwa kisima kimoja cha mtaani kwao, na wanataka kupima maji yaleyale kabla ya kuchemshwa, yakibaki robo tatu, na yakibaki nusu. Wamebishana kama sufuria ifunikwe au iachwe wazi, na sikuingilia. Fundi, kwa mpango huu wachote lita ngapi ili zitoshe kurudia kila kipimo mara tatu?

Fundi sanifu wa maabara ya maji, Arusha

Mililita 100 kwa kila sampuli zinatosha. Wachote ndoo moja ya lita 20 kwa wakati mmoja, wasirudi kisimani siku nyingine, ili majaribio yote yatoke kwenye maji yaleyale.