Redio ya valvu na redio ya transista: ipi inafaa zaidi kwa kusikiliza AM usiku?

Muulizaji, Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salamu. Kila usiku nikitoka kazini husikiliza stesheni za AM. Mwezi uliopita nilinunua kwa jirani aliyekuwa anahama redio ya mezani, sanduku la mbao, yenye valvu tano (mirija ya kioo inayokuza mawimbi kabla ya transista kuja): 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Inafanya kazi, ingawa inavuma. Nikiifungulia stesheni ya kilohezi 700 ya Cincinnati, sauti ya mtangazaji hujaa chumba kizima, nzito na laini, hata mke wangu huacha anachofanya akaja kukaa. Lakini nikitafuta 650 ya Nashville, redio yangu ndogo ya transista inayotumia betri huishika kwa usafi zaidi. Je, utamu ule unaletwa na valvu zenyewe? Na kama ndivyo, kwa nini zinashindwa kwenye stesheni ya mbali? Ninauliza kwa kuwa nataka kutoa fedha kuitengeneza.

Fundi wa zamani, Tanga

Ndugu yangu, kabla ya utamu tuzungumze uhai wako. Jumlisha volti za nyuzi za joto za valvu hizo: 12.6 mara tatu, ongeza 50 na 35, utapata karibu 123. Waliopanga redio hiyo waliziunganisha kwa mfuatano makusudi, ili wasitumie transfoma, na kwa hiyo waya mmoja wa umeme wa nyumba huweza kuwa umeishia kwenye chesisi yenyewe, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa. Plagi ikiingia kinyume, chesisi nzima inabeba volti 120, pamoja na skrubu ndogo za vifundo. Usiifungue ikiwa imechomekwa, na ukitaka kuipima ikiwa wazi, tumia kwanza transfoma ya kutenganisha umeme.

Huo mvumo ni kapasita za elektroliti (vihifadhi umeme vinavyolainisha umeme wa redio) zilizochoka. Zibadilishe, kisha ubadilishe kapasita ya karatasi iliyo kati ya 12AV6 na gridi (waya wa kudhibiti mkondo) ya 50C5, valvu inayosukuma spika, hata kama redio bado inaimba. Ikivuja huipa gridi volti chanya, 50C5 inavuta mkondo mkubwa kupita kiasi, na sauti inakwaruza kabla valvu haijafa. Nilikutana na ugonjwa huo mara nyingi kwenye redio za Philips zenye EL84, ambazo zilikuwa na transfoma lakini kapasita zao zilizeeka vilevile.

Kuhusu utamu, naamini valvu zina sehemu yake. Diodi, kipitishio cha umeme cha upande mmoja, iliyo ndani ya 12AV6 hupewa mawimbi yenye nguvu ya kutosha, hivyo haiyaharibu sana inapoyageuza kuwa sauti.

Msikilizaji wa masafa ya mbali, Minneapolis

Shikamoo mzee. Kuhusu usalama sina la kuongeza, ila kuhusu utamu naomba nitofautiane nawe kidogo.

Redio hiyo huchuja stesheni kwa transfoma mbili tu za kilohezi 455, masafa ya ndani ambayo redio hugeuzia kila stesheni, na uchujaji wake ni mpana. Upana huo ndio unaopitisha sauti nyembamba za matamshi, na upana huohuo ndio unaoruhusu 660 ya New York kumwagikia 650 ya Nashville, kwa kuwa hapa Marekani stesheni hupishana kwa kilohezi 10 pekee. Transista yako huenda ina chujio jembamba la kauri: inakata jirani, na inakata pia uhai wa sauti. Kwa hiyo sifa unayoipenda na kasoro unayoilalamikia zinatoka mahali pamoja, wala hazitokani na kioo cha valvu.

Jambo la pili ni kelele. Katika masafa haya, kelele za radi za mbali na za nyumba yetu, yaani chaja, balbu za LED na kisanduku cha intaneti, hushinda kelele inayozaliwa ndani ya redio, iwe ya valvu au ya transista. Redio ya betri unaibeba hadi dirishani na kuigeuza mpaka ncha ya ufito wake wa feraiti, yaani antena iliyo ndani yake, ielekee kwenye chanzo cha kelele, na kelele inapungua sana. Antena ya fremu iliyo nyuma ya redio ya valvu nayo ina mwelekeo, lakini waya wa umeme unaifunga ukutani na kuiletea kelele za nyumba.

Transista za bei nafuu zina udhaifu mmoja wa kweli: karibu na mnara mkubwa huzidiwa, na stesheni moja ikatokea kila mahali. Hapo valvu huvumilia zaidi.

Jaribu hivi: unganisha tundu la visikizi la transista na spika kubwa nyingine yenye sanduku la mbao, si ile ya redio ya valvu, kisha usikilize 700.

Muulizaji, Columbus, Ohio

Nimejaribu jana usiku kwa spika ya zamani ya inchi sita. Uzito wa sauti ulirudi karibu wote, nami sikutegemea hivyo. Herufi "s" bado ilikuwa butu, kama mtu anayesema amefunika mdomo kwa leso. Nashville nitaiachia transista, na ya valvu nitaitengeneza kwa ajili ya Cincinnati. Mzee wa Tanga, kapasita ya kwenye gridi imeandikwa mikrofaradi 0.01, volti 400. Je, naweza kuweka ya volti 630?

Fundi wa zamani, Tanga

Weka ya filamu, thamani hiyohiyo, volti 630. Na chomoa plagi kwanza, usubiri kapasita kubwa ziishiwe umeme.