Naomba ushauri: namba ya kwanza inateka makadirio ya kikao kizima

Wakuu, naomba msaada kwa wanaoendesha vikao vya makadirio. Shida ni nanga: namba ya kwanza kutajwa huvuta zote zinazofuata. Mwaka 1974 wanasaikolojia Tversky na Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65. Swali lilikuwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya Umoja wa Mataifa. Kadirio la kati la walioona 10 lilikuwa 25, la walioona 65 likawa 45. Gurudumu tu, jamani!

Utaratibu uliopo: kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja anaandika namba ya chini, ya juu na anayoiamini. Karatasi zinasomwa bila majina, inachukuliwa namba ya kati, si wastani, ili namba moja ya ajabu isiharibu.

Panapokwama ni raundi ya pili, watu wanapokadiria upya. Sababu zikishaelezwa, wote wanahamia kwenye namba ya bosi. Kumwambia aongee mwisho hakusaidii, uso wake umeshasema.

Je, raundi hiyo nayo iwe ya siri, au bosi atoke kabisa? Na mnawafanyaje watu wapanue pengo la chini na juu bila kuandika 1 hadi 1000 ili tu wasikosee?