Tasnifu: nitafuatiliaje vuguvugu la Gen Z Kenya lilivyobadili mbinu?

Mwanafunzi_Uzamili
Wakuu, nachunguza vuguvugu la vijana dhidi ya Mswada wa Fedha 2024. Lilijitambulisha kuwa halina kiongozi, kabila wala chama. Lilibadilije mbinu kila serikali ilipobadili zake? Nimepanga kukusanya machapisho ya X yenye hashtagi za kuukataa mswada, kisha niyahesabu. Yatatosha?

Kalamu_Kavu
Hayatatosha mkuu. Hesabu itakuonyesha kelele zilipanda lini, si uamuzi ulifikiwaje. Anza na jedwali la siku kwa siku lenye safu tatu: hatua ya serikali, jibu la vijana, ushahidi. Tarehe 18 Juni serikali ilikubali kuondoa mswadani pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5. Kama hasira ilikuwa ya mkate tu, ingepoa hapo; lakini tarehe 20 maandamano yalisambaa nje ya Nairobi. Hapo ndipo pa kuchimba! Tarehe 25 wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Kabla na baada ya kila tarehe linganisha dai, mahali na chombo kilichotumika.

Tena, kukosa kiongozi si kukosa mpangilio. Fuatilia kazi: nani alitafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, nani alichangisha kwa M-Pesa, mawakili gani walikwenda vituoni kuwatoa waliokamatwa.

Sheng_na_Takwimu
X iliwafungia watafiti njia ya bure ya kuchota data mwaka 2023, na machapisho yaliyofutwa huwezi kuyapata. Ongeza video za TikTok. Programu za kupima hisia hukosea Sheng, lugha ya mtaani ya vijana: tusi la utani huhesabiwa chuki. Wasomaji wawili waainishe machapisho 100 yaleyale, kila mmoja peke yake. Kapa, yaani kipimo cha wanavyokubaliana, ikiwa chini ya 0.7, rekebisheni mwongozo kwanza.

Mlinzi_wa_Maadili
Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kitangulie mahojiano. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji kati ya Juni na Desemba 2024, kwa hiyo hatari kwa unaowahoji ni ya kweli. Usinukuu chapisho neno kwa neno. Likitafutwa mtandaoni, mwenyewe anajulikana. Fomu zenye saini nazo ni orodha ya majina, kwa hiyo iombe kamati ya maadili ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo.