Naomba ushauri: picha za vikapu vyetu ni nzito mno kwa barua pepe, tena zina ukungu zikifika Facebook

Mfumaji wa Dunga

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mmoja wa kina mama wanaosuka vikapu na mikeka ya mafunjo hapa Dunga, Kisumu, na kazi ya kupiga picha za bidhaa iliniangukia mimi kwa kuwa mwanangu aliniachia kamera yake ya megapikseli 24 aliporudi chuoni. Nikizitazama picha zake kwenye kompyuta huwa safi kiasi kwamba naweza kuhesabu utepe mmoja mmoja wa funjo. Taabu huanza ninapotaka kuwaonyesha wengine.

Juma lililopita mteja wetu mwenye duka Nakuru aliomba picha za vikapu 15. Nilizipachika zote kwenye barua pepe moja, Gmail ikazikataa kwa sababu zilipita megabaiti 130 ilhali kikomo chake ni 25. Basi nikamtumia katibu wetu kwa WhatsApp, yeye akazihifadhi katika simu yake, akazipandisha kwenye ukurasa wetu wa Facebook na kumpelekea mteja kiungo. Mteja akajibu kwamba msuko hauonekani, anaona ukungu tu. Nikapunguza picha hadi upana wa pikseli 600 (vile vitone vya rangi vinavyounda picha). Zikawa ndogo, na katibu alipozivuta ili zijae kwenye bango lake zikaharibika kuliko mwanzo.

Picha ya kuonyesha mtandaoni yapasa kuwa na ukubwa gani, na nifanye nini ili isipoteze msuko? Nina Windows, na mwanangu aliniwekea GIMP, programu ya kuhariri picha, ambayo bado naiogopa kidogo.

Karani Mstaafu

Dada, jambo hili si gumu. Fungua picha, tafuta mahali penye nukta kwa inchi, ufute 300 na uandike 72. Skrini hutumia 72, na 300 ni ya kuchapisha. Sisi tulifundishwa hivyo, na picha itakuwa nyepesi.

Jicho la Menengai

Kwa heshima zote mzee wangu, hapo sikubaliani nawe, ingawa hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu. Namba ile ni maagizo kwa mashine ya kuchapisha tu, ijue nukta ngapi zikae katika inchi moja ya karatasi. Ukiibadilisha bila kugusa pikseli zenyewe, faili linabaki na uzito uleule na skrini inaonyesha kitu kilekile. Kinachohesabika mtandaoni ni pikseli.

Dada Mfumaji, kamera ya megapikseli 24 kwa kawaida hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24. Skrini ya kawaida ya kompyuta, ile ya 1,920 kwa 1,080, ina pikseli milioni mbili na kidogo. Unampelekea mtu gunia zima ilhali chungu chake kinapokea vibaba viwili. Ukiufanya upande mrefu uwe 1,600, ule mfupi utajishusha wenyewe hadi 1,067, na jumla itakuwa milioni 1.7 hivi, yaani sehemu moja ya kumi na nne ya picha ya mwanzo. Ukihifadhi kwa JPEG, ile aina ya faili ya picha iliyozoeleka, yenye ubora wa 80 au 85, kila picha itakuwa na kilobaiti mia kadhaa, na zote 15 zitaingia katika barua pepe moja bila kukaribia kikomo.

Lakini ukubwa si ugonjwa wenyewe. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na linalonishtua ni njia ambayo picha inapita. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ya undani, na kinachotupwa hakirudi. Unapomtumia katibu picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza na kuibana. Katibu anapoipandisha Facebook, Facebook huibana tena. Mteja amepata picha iliyokamuliwa mara mbili na mashine ambazo hazijui kwamba wewe unauza msuko. Msuko ndio undani mdogo kabisa wa picha, kwa hiyo ndio unaoumia kwanza.

Ipunguze picha wewe mwenyewe, mara moja tu, kutoka katika ile ya asili, kisha mtumie katibu kwa WhatsApp kama faili na si kama picha. Ikienda kama faili haiguswi njiani. Kwa Facebook tumia upana wa pikseli 2,048, kwa kuwa huo ni mmoja wa vipimo ambavyo wao wenyewe hupendekeza. Itabanwa bado, lakini mara moja badala ya mbili. Na ile ya 600 uliyojaribu, usiivute tena. Kuvuta picha ndogo hakuleti undani uliokwisha kutupwa; programu hubuni tu rangi za kujazia nafasi.

Mwalimu wa Kakamega

Naongeza tahadhari moja iliyonigharimu. Nilipunguza picha za arusi ya mpwa wangu kwa Paint hadi upana wa pikseli 800, nikabonyeza kuhifadhi bila kubadilisha jina la faili, nazo zikakaa juu ya zile za asili. Tulipotaka kuzichapisha kwa ajili ya albamu, pikseli 800 kwa nukta 300 za kila inchi zikatupa picha isiyofika hata inchi tatu. Kadi ya kamera nilikuwa nimekwisha kuifuta. Dada yangu hajanilaumu waziwazi, ila kila nikimtembelea hunionyesha ile albamu yenye kurasa tupu.

Tengeneza folda mbili, moja ya asili na nyingine ya mtandaoni, na usihifadhi chochote katika ile ya kwanza.

Mfumaji wa Dunga

Asanteni sana nyote, na pole, Mwalimu. Leo asubuhi nimefuata maelezo: katika GIMP nimefungua menyu ya picha, nikachagua kubadilisha vipimo, nikaandika 1,600 na kuacha ule mnyororo uliofungwa ili upana na urefu viende pamoja. Picha 13 ni nzuri. Mbili zimenishangaza, kwani kwenye vikapu vyenye msuko mwembamba kumetokea mistari ya mawimbi, mfano wa maji ya ziwa yakipigwa na upepo, na kikapu chenyewe hakina mistari hiyo. Je, nimekosea?

Jicho la Menengai

Hujakosea sana. Msuko wako una mistari myembamba inayojirudia, na pikseli zilizobaki ni chache kuliko inavyohitajika kuionyesha yote. Programu inaporuka baadhi ya mistari kwa mpangilio, macho huona mawimbi ambayo hayapo. Mabati ya paa yakipigwa picha kutoka mbali hufanya vivyo hivyo.

Kwanza tazama sehemu ya chini ya dirisha lile la vipimo, palipo na njia ya kukokotoa. Ikiwa pameandikwa kwamba hakuna njia, programu inachukua pikseli moja na kutupa jirani zake bila kuzichanganya. Chagua ile inayoitwa Cubic au NoHalo. Mawimbi yakibaki, rudi kwenye picha ya asili, itie ukungu mdogo sana, ipunguze, kisha uinoe kidogo mwishoni, yaani uzikoleze kingo. Unoaji huja baada ya kupunguza, na usizidishe, la sivyo kingo za kikapu zitapata mstari mweupe kama chaki. Kwa vile vikapu viwili, ningependa pia ukate kipande cha msuko pekee kutoka katika picha ya asili na kukituma kando, maana mnunuzi hupima kazi ya mkono kwa kuitazama karibu.

Karani Mstaafu

Nimejaribu mwenyewe kubadilisha 300 kuwa 72 na kupima uzito wa faili. Halikupungua hata kidogo. Nimeshindwa, Jicho.

Dada, jambo moja fupi kuhusu kutuma kama faili: picha zilizopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake mahali zilipopigiwa, na zikienda kama faili, mahali hapo huenda pamoja nazo. Ikiwa kuna wanaopiga kwa simu nyumbani kwao, katika GIMP ondoa alama kwenye kisanduku cha Exif, yaani yale maelezo yaliyofichwa ndani ya picha, unapoihifadhi kwa Export.

Mfumaji wa Dunga

Ilikuwa njia ya kukokotoa. Sijui nani aliiweka hapo, labda ni kidole changu. Nimechagua NoHalo na kikapu kimoja kimetulia kabisa, cha pili nimekitia ukungu kidogo kama ulivyoeleza na sasa kinafaa. Picha zote 15 pamoja na vipande viwili vya msuko zimeingia katika barua pepe moja ya megabaiti sita. Mteja ameuliza bei ya kile cha msuko mwembamba, na katibu anataka picha za kuchapisha bango la maonyesho, kwa hiyo kesho nitampelekea zile za asili kwa diski ndogo, mkononi.