Naomba ushauri: akiba ya dharura kwanza, au amana za SACCO (chama cha akiba na mikopo)?

Habari zenu wadau. Mshahara unaobaki mkononi baada ya makato ya PAYE (kodi ya mapato), NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba ni shilingi 42,000. Bedsita (chumba kimoja cha kupanga) Kasarani, Nairobi, 11,000, chakula na stima 12,000, matatu 5,000, wazazi 4,000. Zinabaki 10,000, na swali langu ni kuhusu hizo tu.

SACCO inavutia: ukiweka 5,000 kila mwezi, mwaka mmoja ni 60,000, na nyingi hukopesha hadi mara tatu ya amana, yaani 180,000, ukipata wadhamini. Lakini amana hizo huzitoi hadi ujiondoe uanachama, na notisi mara nyingi ni siku 60. Ukiugua leo hazikufai. Hapo ndipo vijana hukimbilia mikopo ya simu, na mshahara unaofuata unaliwa kabla ya kodi ya nyumba kulipwa. Inauma sana kuona.

Mfuko wa soko la fedha, ule tunaouita MMF, hukurudishia pesa zako ndani ya siku chache ukizihitaji. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15.

Je, nijaze kwanza matumizi ya miezi mitatu, 96,000, ingawa ni karibu miezi kumi? Au nigawe 7,000 MMF na 3,000 SACCO? Na mnaowadhamini wenzenu, mnaweka kikomo gani?